Kivuli Ngazini: Namna Filamu za Kutisha Zinavyojenga Hofu

Mwezi Machi mwaka 1922, katika mji wa Berlin, watazamaji walionyeshwa kwa mara ya kwanza filamu iitwayo Nosferatu, iliyoongozwa na Mjerumani F. W. Murnau. Filamu hiyo ni bubu, na ilipigwa kwa picha za nyeusi na nyeupe. Karibu na mwisho wake pana tukio fupi mno. Ukuta waonekana, na kando yake ngazi. Juu ya ukuta huo kivuli chapanda polepole: mgongo umeinama, kichwa ni kipara, na vidole ni virefu kama makucha ya ndege. Kivuli chafika juu, chanyoosha mkono kuuelekea mlango. Mwenye kivuli haonekani.

Ni hayo tu. Hapana damu iliyomwagika, hapana kisu, wala hapana mtu aliyeguswa. Hata hivyo tukio hilo limewatia watu hofu kwa zaidi ya miaka 100. Hofu hiyo imetoka wapi? Haikutokana na miujiza. Imetokana na mpango wa mambo manne: mandhari, mwanga, mahali pa kamera na mahali pa mwigizaji. Mpango huo una kanuni zake, na baadhi ya kanuni hizo hufundishwa kila mwaka katika vyumba vya fizikia na biolojia vya shule za sekondari.

KUTA ZINAZOSEMA

Miaka miwili kabla ya Nosferatu, yaani mwaka 1920, ilitokea Ujerumani filamu nyingine iitwayo Das Cabinet des Dr. Caligari, iliyoongozwa na Robert Wiene. Wasanii watatu, Hermann Warm, Walter Reimann na Walter Röhrig, ndio waliotengeneza mandhari yake. Badala ya kuutafuta mji wa kweli, waliujenga mji wote ndani ya studio kwa turubai na rangi. Nyumba zake zimeegemea upande kana kwamba zitaanguka. Madirisha yana pembe zisizolingana. Vichochoro vimejikunja. La ajabu zaidi ni kwamba vivuli vingi havikutokana na taa: vilichorwa kwa brashi kutani na sakafuni.

Mtazamaji asiyezoea anaweza kudhani kwamba wasanii hao hawakujua kuchora. La hasha. Kila mstari uliopindwa ulikuwa na kazi. Karani wa mji ameketishwa juu ya kiti kirefu kupita kiasi, hata mwombaji anayesimama mbele yake aonekane mdogo na mnyonge. Katika chumba cha mahabusu, mistari iliyochorwa ukutani na sakafuni yakutana pale pale alipoketi mfungwa, kana kwamba jengo lote linamlemea. Hapana neno lililotamkwa, lakini maana imefika.

Mwishoni yafichuka kwamba msimulizi wa kisa hicho ni mgonjwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Hapo ndipo mtazamaji anapotambua kwamba mji ule uliopinda huenda haukuwa mji hata kidogo, bali ni akili ya msimulizi iliyogeuzwa kuta na milango.

HESABU YA KIVULI

Murnau alifuata njia nyingine. Alitoka nje ya studio akapiga picha katika miji ya kweli kama Wismar na Lübeck, kwa sababu kitisho kinachopita katika mtaa wa kawaida humkaribia mtazamaji kuliko kile kinachokaa katika mji wa kubuni. Badala ya kuchora vivuli, aliutumia mwanga wenyewe.

Kila mwanafunzi hufundishwa kwamba mwanga husafiri katika mistari iliyonyooka. Kwa ajili hiyo, kitu kisichopenyeza mwanga hufanya kivuli, na ukubwa wa kivuli hutegemea uwiano wa masafa mawili: kutoka kwenye taa hadi kwenye kitu, na kutoka kwenye taa hadi ukutani. Tuseme taa ndogo imewekwa mita 4 kutoka ukutani, na mkono wenye urefu wa sentimita 20 umewekwa mita 1 kutoka kwenye taa hiyo. Kivuli kitakuwa na urefu mara 4, yaani sentimita 80. Mkono ukisogezwa hadi nusu mita kutoka kwenye taa, kivuli kitafikia sentimita 160, karibu na kimo cha mtu mzima. Mkono wenyewe haukuongezeka hata kidogo.

Mwendo nao hukuzwa kwa uwiano huo huo. Mwigizaji akisogeza kidole kidogo tu, kivuli hupiga hatua kubwa ukutani. Tena, taa iliyo ndogo hutoa kivuli chenye kingo kali, ilhali taa iliyo pana hutoa kivuli ambacho kingo zake zimefifia. Kwa hiyo, kwa kuchagua aina ya taa na mahali pa kuiweka, mwongozaji aweza kumpa mwigizaji mmoja, kama Max Schreck aliyeigiza mnyonya damu Orlok, mwili wa pili ulio mkubwa kuliko wa kwanza, usio na uzito, na unaoweza kupita mahali ambapo mwili wa kweli haujafika. Katika filamu hiyo, kivuli cha mkono wa Orlok chamfikia mwanamke kifuani kabla Orlok mwenyewe hajamgusa.

Upo mfano mwingine unaoonyesha jinsi maana inavyotegemea mpango wa picha. Matukio ya usiku ya Nosferatu yalipigwa mchana, kisha nakala zikatiwa rangi ya samawati ili mtazamaji aelewe kwamba ni usiku. Baadaye zilienea nakala zisizotiwa rangi. Katika nakala hizo Orlok aonekana akibeba jeneza lake katika mchana mweupe, ilhali kisa chenyewe chasema kwamba mwanga wa jua humwangamiza. Rangi moja ilipoondolewa, kisa kizima kilijipinga.

UBONGO HUKAMILISHA PICHA

Fizikia yaeleza jinsi kivuli kinavyotokea. Haielezi kwa nini kinatisha. Hapo yatupasa kuyatazama macho na ubongo. Ndani ya jicho mna seli za aina mbili zipokeazo mwanga. Aina moja hufanya kazi penye mwanga wa kutosha na hubainisha rangi na mambo madogo madogo. Aina ya pili hufanya kazi penye mwanga hafifu, lakini haibainishi rangi wala haioni kwa makini. Kwa sababu hiyo, gizani mwanadamu hupata habari pungufu, na ubongo hujaribu kulijaza pengo kwa kukisia. Ni afadhali kulidhania gogo kuwa nyoka kuliko kumdhania nyoka kuwa gogo. Basi makisio ya gizani aghalabu huelekea kwenye hatari.

Waongozaji hodari huliacha pengo hilo makusudi. Katika filamu ya Kimarekani iitwayo Cat People, ya mwaka 1942, iliyoongozwa na Jacques Tourneur kwa fedha chache, mwanamke mmoja yumo peke yake usiku katika bwawa la kuogelea lililo ndani ya jengo. Mwanga unaoakisiwa na maji wachezacheza juu ya kuta na dari. Kivuli chapita. Ngurumo ya mnyama yasikika. Mnyama mwenyewe hajitokezi waziwazi, na kila mtazamaji humuumba wake kichwani mwake.

Kadhalika, ubongo umezoea mwanga utokao juu, kwa kuwa jua huangaza kutoka juu. Uso ukimulikwa kutoka chini, mpango wa vivuli hupinduka: matundu ya pua hung'aa, na kivuli cha nyusi hupanda kwenye paji la uso. Uso wa rafiki hugeuka kuwa uso wa mgeni.

HOFU INAPOPEWA SURA

Hapa ndipo somo hili linapoacha kuwa la burudani tu. Katika Nosferatu, Orlok ni mgeni kutoka mbali. Meno yake ya mbele ni kama ya panya, masikio yake yamechongoka, na merikebu inayomleta imejaa panya. Anapofika mjini, tauni huzuka. Sayansi ilikuwa imekwisha kujua, tangu uchunguzi wa Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, kwamba tauni husababishwa na bakteria. Na ilijulikana pia kwamba viroboto wa panya ndio wanaoieneza. Lakini picha haitoi hoja. Huweka vitu viwili pamoja, mgeni na panya, na kumwachia mtazamaji aviunganishe mwenyewe.

Mwaka 1940 serikali ya Wanazi huko Ujerumani ilitoa filamu iitwayo Der ewige Jude, iliyoongozwa na Fritz Hippler. Haikujiita filamu ya kutisha. Ilijidai kuwa inaonyesha mambo ya kweli. Ndani yake picha za makundi ya panya ziliwekwa kando ya picha za Wayahudi, na msimulizi akawafananisha. Katika miaka ya vita hivyo Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa. Filamu moja haiwezi kubebeshwa lawama yote ya maovu hayo, lakini ilikuwa mojawapo ya vyombo vilivyowafundisha watu kumwona jirani kama maradhi.

Tofauti ya filamu hizo mbili ni kubwa. Mtazamaji wa Nosferatu ajua kwamba anatishwa, na amekubali kutishwa. Mtazamaji wa filamu ya Hippler hakuambiwa. Ufundi wa kutia hofu ni ule ule. Kinachobadilika ni uaminifu wa mwenye kuutumia.

Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuwakinga wanafunzi wake hana haja ya kuwakataza kutazama. Na achukue tochi, ukuta mweupe na rula, alitie darasa giza, kisha awaachie wanafunzi wapime vivuli vya mikono yao na kuthibitisha uwiano uliotajwa hapo juu. Halafu mwanafunzi mmoja amulikwe uso kutoka juu, kisha kutoka chini, na wenzake waandike walichohisi kila mara. Mwishowe waulizwe: taa iliwekwa wapi, na nani aliyeiweka? Aliyejizoeza kuuliza swali hilo mbele ya ukuta wa darasa ataliuliza pia mbele ya picha yoyote inayomtaka amwogope mtu asiyemjua.