Chuma Mwilini: Neema Yenye Kipimo

Sote tunaijua Sura ya 57, Al-Hadid, yaani Chuma. Humo tunakumbushwa kuwa chuma kina nguvu na manufaa kwa watu. Leo tutazame chuma kilichomo ndani ya miili yetu.

Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu za chuma. Kingi kimo katika damu, nacho husaidia kubeba oksijeni. Kikipungua, tunaishiwa damu. Kikizidi, mwili hauna njia ya kukitoa, hivyo hurundikana kwenye ini, moyo na kongosho na kuviharibu taratibu.

Huzidije? Mfano ni mgonjwa wa selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara. Kila chupa ya damu huja na miligramu 200 hivi za chuma, ilhali mwili hupoteza miligramu 1 au 2 tu kwa siku.

Dawa ya hali hii ni desferioksamini, iliyoanza kutumika miaka ya 1960. Hukibana chuma kama kaa anavyobana kwa gando, kisha hutoka nacho kwa mkojo na choo. Huingizwa polepole kwa sindano, kwa saa nyingi. Siku hizi vipo pia vidonge, kama deferasiroksi.

Vimelea vya malaria navyo huhitaji chuma. Watafiti wakauliza: je, tukivinyima? Huko Zambia, mwaka 1992 ilitangazwa kuwa watoto wenye malaria ya ubongo waliopewa desferioksamini pamoja na dawa ya malaria walizinduka mapema zaidi. Hata hivyo, utafiti mkubwa zaidi uliofuata haukuonyesha kuwa dawa hiyo huokoa maisha.

Kisiwani Pemba, watoto zaidi ya 24,000 waligawanywa, baadhi wakapewa chuma na foliki asidi. Mwaka 2003 chuma kilisimamishwa: waliopewa walifariki au kulazwa kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Lakini wale waliokuwa na upungufu wa chuma tangu mwanzo walinufaika.

Hapa ndipo penye funzo. Sisi wa Songea tunaishi na malaria, basi tusimnunulie mtoto vidonge vya kuongeza damu kwa kuona tu amepauka. Apimwe kwanza damu na malaria. Mama mjamzito aendelee kumeza vile alivyopewa kliniki. Na mwenye selimundu anayeongezewa damu amuulize daktari kuhusu kipimo cha chuma.

Wabillahi tawfiq.