Kutubu na Kurudisha: Njia ya Amani ya Moyo

Ndugu musomaji, je, umekwisha kuona mutu mwenye kubadilisha njia juu ya kukimbia mwenzake? Anatoka kazini, anaona kwa mbali yule alimudanganya feza, na mara moja anapita avenyu ya nyuma. Polisi hawamutafuti, hakuna mutu anayemufukuza, lakini moyo wake unakimbia. Nyumbani anakula kidogo, anakaripia watoto bila sababu, usiku anageuka-geuka kitandani. Bibi akimuuliza: «Baba, kuko nini?» anajibu: «Hakuna kitu, nilichoka tu.»

Kuchoka kwa namna hiyo hakuponi kwa usingizi. Daudi alikujua. Katika Zaburi 32 anaeleza kama, wakati alinyamaza juu ya zambi yake, mifupa yake ilichakaa, na muchana na usiku mukono wa Mungu ulimulemea. Alipata pumuziko siku alipoacha kuficha.

MIZANI YA DEPO

Tuseme mambo ya kwetu. Fikiria kijana mwenye kufanya kazi kwa depo ya kununua mawe. Mukubwa wake alimuonyesha namna ya kuharibu mizani: mufuko wa kilo 50 unasoma 42. Metorex, ile mashine yenye kupima nguvu ya jiwe, inasoma 2 pahali pa 4. Muchimbaji anapokea feza, anazihesabu, ananyamaza, juu hana pahali pengine pa kuuzisha. Lakini pengine yeye vilevile alimwangia mufuko maji ao aliweka udongo ndani kusudi uwe muzito. Kila mutu anasema: «Njo biashara. Bote banafanya vile.»

Mezali 11:1 inasema wazi kama mizani ya uongo ni chukizo mbele ya Bwana. Haichagui mizani ya tajiri ao ya masikini. Kilo nane zilizoibiwa kwa mufuko ni unga wa watoto wa mutu fulani.

«LAKINI TULIKUWA NA NJAA»

Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1990. Mwezi wa Septemba 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka huko Kolwezi. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 katika 1994. Mishahara ilichelewa miezi na miezi. Watoto walifukuzwa masomoni juu ya minervali. Ni wakati ule wengi walianza kusema: «Kampuni eko na deni yangu, njo maana nilikamata.» Hata leo tunasikia maneno hayo kwa vijana wenye kukata kable za umeme.

Mungu hachekelei njaa ya mutu. Mezali 6:30-31 inakubali kama watu hawamuzarau mwizi mwenye kuiba kwa sababu ya njaa. Lakini inaongeza kama, akikamatwa, atalipa mara saba. Njaa inaeleza kosa, haiondoi deni. Na ni vizuri kujiuliza: kable iliyokatwa, ni nani alibaki katika giza? Mara nyingi ni kartieri ya masikini wenzetu.

MACHOZI PEKE YAKE

Wengi wanalia kanisani siku ya Mungu, na siku ya kwanza wanarudia mizani ile ile. Wanashangaa: «Niliomba, juu ya nini sina amani?» Ndugu, pengine ni juu mufuko wa mwenzako ungali kwako.

Soma Hesabu 5:6-7. Mwenye kukosea mwenzake alipashwa kufanya mambo matatu: kuungama, kurudisha yote, na kuongeza sehemu moja ya tano. Kama ulikamata franka 100,000, unarudisha 120,000. Zakayo wa Yeriko alipita sheria hiyo: aliahidi nusu ya mali yake kwa masikini, na mara nne kwa kila mutu alimunyanganya (Luka 19:8). Na Matayo 5:23-24 inatufundisha kuacha sadaka mbele ya mazabahu na kwenda kwanza kupatana na ndugu.

Lakini angalia vizuri. Yuda naye alirudisha! Alirudisha vipande 30 vya feza, akasema kama alikosa, kisha akaenda kujinyonga (Matayo 27:3-5). Petro alimukana Bwana mara tatu na hakuwa na kitu cha kurudisha. Alilia kwa uchungu, akabaki pamoja na ndugu, na Yesu akamuuliza mara tatu kama anamupenda, akamupa tena kazi (Yoane 21). Hii inatuonyesha kama kurudisha hakununui musamaha. Musamaha ni zawadi ya Mungu. Kurudisha ni tunda la moyo wenye kuupokea. Mwenye kurudisha bila kumukimbilia Mungu anabaki peke yake na haya yake. Mwenye kumukimbilia Mungu bila kurudisha anajidanganya.

UFANYE NAMNA GANI?

1. Taja kosa kwa jina lake mbele ya Mungu. Usiseme «nilikuwa na uzaifu». Sema «niliiba kilo nane».

2. Kama unaogopa matokeo, ongea kwanza na muchungaji, padri ao muzee wa kanisa mwenye kuchunga siri. Pengine atakusindikiza.

3. Mwambie bibi ao bwana yako. Feza ya kurudisha itatoka katika nyumba yenu wawili.

4. Rudisha. Kama huna yote, anza kidogo kila mwezi, na utimize.

5. Kama mwenyewe alikufa ao alikwenda mbali, tafuta jamaa yake. Kama hakuna, Hesabu 5:8 inasema deni iende kwa Bwana. Masikini hawakosekane kwetu.

6. Achana na kazi ya uongo. Waefeso 4:28 inaomba mwizi atumike kwa mikono yake hata apate cha kugawia wengine.

Neno moja kwa wenye kulemewa bila kosa. Si kila huzuni inatoka kwa zambi. Mama mwenye kufiwa na mutoto katika shimo, baba mwenye kukosa kazi, hao si lazima watafute kosa walilofanya. Rafiki za Yobu walimuzania vile, na Mungu aliwakemea. Mutu wa namna hiyo anahitaji tukae naye, tumupikie, na kama hakulala siku nyingi, tumupeleke kwa munganga.

Wazazi, mwezi huu muongee nyumbani juu ya maulizo haya: Kuko kitu hapa kwetu chenye si chetu? Kuko mutu tunaogopa kukutana naye? Baba ao mama aanze kujibu mbele ya watoto. Mutoto mwenye kuona baba yake anarudisha deni atajifunza toba kuliko mahubiri kumi.

Na wewe, kijana wa depo, usingojee siku ya Mungu. Tengeneza mizani kesho asubui, kabla mufuko wa kwanza haujapandishwa.