Kinga ya Mama, Kondo la Nyuma na Malaria ya Muleba

Mtoto aliye tumboni ni nusu mgeni. Nusu ya vinasaba vyake imetoka kwa baba, na kwa kanuni ile ile inayoufanya mwili ukatae figo ya mtu mwingine, mwili wa mama ungetarajiwa kumkataa. Mwaka 1953 mwanasayansi wa Uingereza, Peter Medawar, aliliweka swali hilo bayana. Kwa miaka mingi baadaye jibu lililozoeleka lilikuwa jepesi mno: kwamba kinga ya mjamzito hulala. Hailali. Mjamzito akijikata mguu kwa jembe, kidonda hupona. Akichanjwa, mwili wake hutengeneza kingamwili. Kinachobadilika zaidi ni mwenendo wa kinga pale inapokutana na mtoto ana kwa ana, yaani kwenye kondo la nyuma.

Seli za nje za kondo hazibebi alama kadhaa za utambulisho zinazobebwa na karibu seli nyingine zote za mwili. Baadhi yake huonyesha alama adimu iitwayo HLA-G, ambayo kinga ya mama huisoma kama agizo la kutulia. Na katika miezi ya mwanzo ukuta wa mji wa mimba hujaa chembe nyeupe za damu ziitwazo seli uaji. Jina linatisha bure: hapo hazina kazi ya kuua, bali husaidia kondo kuipanua mishipa ya mama ili damu imfikie mtoto kwa wingi. Kazi hiyo ikienda kombo mishipa hubaki myembamba, na miezi kadhaa baadaye presha hupanda na kifafa cha mimba kinaweza kufuata. Utafiti uliofanywa Hospitali ya Mulago, Kampala, umeonyesha kuwa hatari hiyo inategemea kwa sehemu jinsi vinasaba vya seli hizo za mama vinavyopatana na vile alivyorithi mtoto.

Hayo hutokea kwa kila mimba duniani. Kwa mjamzito wa Bukoba au Muleba, mkoani Kagera, Tanzania, kuna jambo la ziada, nalo ni malaria.

Kinga dhidi ya malaria hujengwa kwa kuugua. Mtu aliyekulia mahali penye mbu wengi hufika utu uzima akiwa na kingamwili za kutosha, hata vimelea vikimwingia vinaweza kupita bila kumlaza kitandani. Kisha anabeba mimba ya kwanza, na ulinzi huo unakuwa na tundu. Sababu ilianza kufahamika mwaka 1996, pale Michal Fried na Patrick Duffy walipochunguza vimelea kutoka kondo za akina mama wa Kenya. Chembe nyekundu zenye vimelea zilikuwa zimenata kwenye sukari fulani ya kondo, kondroitini salfeti A, kwa kutumia protini ambayo baadaye ilitambuliwa na kuitwa VAR2CSA. Kabla ya kuwa na kondo, mwanamke hana mahali ambapo vimelea vya namna hiyo vingejishikiza na kustawi, kwa hiyo mwili wake haujapata kuvijua. Kwa mimba ya kwanza anakuwa kama mtoto mdogo aumwaye malaria kwa mara ya kwanza, ila ni ndani ya kiungo kimoja tu.

Kondo la namna hiyo likitazamwa kwa darubini huonekana limetapakaa vidoa vya hudhurungi iliyokoza, mabaki ya damu iliyoliwa na vimelea, na chembe nyeupe zimesongamana katikati. Msongamano huo nao ni tatizo. Kinga inapopigana na vimelea inavuruga upitishaji wa chakula, na mtoto anaweza kuzaliwa na uzito chini ya kilo 2.5. Mama mwenyewe huenda asipate homa, na kipimo cha damu ya kidoleni kinaweza kutoona kitu, kwa kuwa vimelea vimejificha kwenye kondo. Mimba ya pili na ya tatu huwa afadhali, maana kingamwili za VAR2CSA zimeshajengwa. Virusi vya Ukimwi hupunguza faida hiyo, na Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mwaka 1983, inalijua hilo kwa uchungu.

Mpangilio huu wa kinga kujengeka mimba kwa mimba unategemea mbu wawepo mwaka hadi mwaka. Kwenye miinuko ya Muleba malaria huja kwa mawimbi baada ya mvua, na watu hukaa muda mrefu bila kuumwa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mlipuko mkubwa Kagera, na kumbukumbu za uzazi za mkoa zilionyesha uzito wa watoto wa uzao wa kwanza ukishuka miezi michache baadaye: hao ndio waliokuwa tumboni wakati wa mlipuko. Upuliziaji wa dawa ukoko majumbani ulioanza Muleba mwaka 2007, pamoja na vyandarua, umepunguza mbu, na pamoja nao umepunguza mazoezi ya kinga. Mama wa watoto wanne anaweza sasa kuwa mgeni wa malaria sawa na binti wa mimba ya kwanza. Hiyo si hoja ya kukiacha chandarua. Ni hoja ya kutomruka mama mzoefu kliniki.

Kliniki, kinachofidia upungufu huo ni vidonge vitatu vya SP, dawa ya kuzuia malaria, vinavyomezwa kwa mara moja mbele ya mhudumu kuanzia miezi mitatu ya mwanzo ikishapita, kisha tena kila baada ya mwezi au zaidi. Mama anayetumia septrini kwa sababu ya VVU hapewi SP. Vimelea vya Kagera vimeshajifunza kuihimili dawa hii kwa kiasi kikubwa, lakini bado inasaidia uzito wa mtoto. Majaribio ya Kenya, Malawi na Tanzania yaliyochapishwa mwaka 2023 yaliilinganisha na dawa nyingine yenye nguvu zaidi dhidi ya malaria, na hiyo nyingine haikuwapa watoto matokeo bora zaidi. Chanjo za VAR2CSA zimefika kwenye majaribio ya awali, yakiwemo ya Benin na Burkina Faso.

Kondo hilo hilo ndilo linalompitishia mtoto kingamwili za mama, nyingi zikivuka katika wiki za mwisho. Njiti hukosa sehemu kubwa. Kwa njia hiyo ya kondo, chanjo ya pepopunda anayochomwa mama humlinda kichanga dhidi ya vijidudu vinavyoingilia kitovuni. Maziwa ya mwanzo, dang'a, huongeza kingamwili za aina nyingine, zinazotanda kwenye utumbo wa mtoto. Zile za kondo hupungua mwezi kwa mwezi, na kwa sababu zikiwa nyingi huidhoofisha chanjo ya surua, mtoto husubirishwa chanjo hiyo hadi afikishe miezi 9.