Mashine Inapoanza Kuugua

Katika ukurasa wetu wa sayansi tumeona ni vyema safari hii tuizungumzie akili mnemba, lakini si ile ya kuandika barua na kuchora picha. Tunakusudia ile inayokaa kimya kando ya pampu, jenereta au injini ya ndege, na kazi yake ni moja tu: kutambua kuwa kuna kitu kinaharibika kabla mashine haijasimama.

Huenda mtu akauliza, ya nini yote hayo na hali mafundi wapo? Kwa miaka mingi mashine zimetunzwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kungoja zife. Ya pili ni kufuata kalenda: zikifika saa kadhaa za kazi, fungua, badilisha spea, funga. Hii ya pili inaonekana ya busara, lakini wakati wa Vita Vikuu vya Pili mwanasayansi wa Uingereza, C. H. Waddington, alichunguza ndege za doria za baharini akakuta kwamba hitilafu zilizidi mara tu baada ya ukaguzi, kisha zikapungua. Yaani kule kufungua na kugusagusa vilivyo vizima ndiko kulikoleta ubovu. Mwaka 1978 Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United Airlines, Marekani, walitoa ripoti iliyoonyesha kuwa asilimia 89 ya vifaa vya ndege walivyovichunguza havikunufaika kwa kuwekewa kikomo cha umri.

Basi njia ya tatu ni kuisikiliza mashine yenyewe. Tuchukue mfano wa beringi, ile pete yenye gololi au rola ndani yake, inayobeba shafti inapozunguka. Imo katika gurudumu la baiskeli, feni na pampu ya maji. Uso wa ndani ukipata kidonda kidogo, kila rola inayopita juu yake hugonga. Mgongo huo ni mdogo mno, sikio halisikii kati ya kelele nyingine, lakini kifaa cha kupima mtetemo kilichobandikwa juu ya nyumba ya beringi hukinasa.

Katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, watafiti waliweka beringi nne kwenye shafti moja, wakaizungusha mara 2,000 kwa dakika chini ya mzigo wa takriban kilo 2,700, bila kupumzika. Kila baada ya dakika 10 walirekodi mtetemo kwa sekunde moja. Jaribio mojawapo lilianza tarehe 12 Februari 2004 na kwisha tarehe 19, beringi moja ikiwa imeharibika pete yake ya nje. Rekodi hizo zilitolewa kwa umma kupitia NASA, na hadi leo watu wengi hujaribia programu zao humo.

Sasa hesabu yake. Shafti huzunguka mara 33 hivi kwa sekunde. Kila safu ya beringi ile ina rola 16, lakini rola hutembea polepole kuliko shafti, kwa hiyo katika mzunguko mmoja hupita saba na kidogo tu juu ya kidonda cha pete ya nje. Hivyo mgongo hutokea mara 236 kwa sekunde. Kompyuta huuchambua mtetemo wote, kama mwalimu wa kaswida anavyomtambua mwanafunzi mmoja aliyetoka nje ya sauti kati ya thelathini. Sauti ya 236 ikijitokeza, pete ya nje ina jeraha. Katika jaribio lile dalili huonekana takriban siku tatu kabla ya mwisho.

Lakini si kila mashine ina hesabu inayojulikana namna hiyo. Hapo ndipo akili mnemba inapoingia. Huonyeshwa rekodi za siku za uzima hadi ikaizoea hali hiyo, kisha kila siku hulinganisha. Mama hahitaji kusomea udaktari ili ajue kuwa pumzi za mwanawe leo si za jana.

Kugumu ni kuweka kiwango cha kupiga kengele. Kikiwa chini sana, fundi ataamshwa kila usiku bure, na mara ya nne atauchomoa waya. Kikiwa juu sana, jenereta ya hospitali itazimika mgonjwa akiwa juu ya meza ya upasuaji. Kompyuta haiwezi kuchagua lipi kati ya makosa hayo mawili ni zito zaidi. Wenye mashine ndio waamue. Tena pampu iliyofundishiwa wakati wa masika itaonekana mgonjwa wakati wa kiangazi, maji ya kisima yakishuka, kumbe ni nzima. Wauzaji wa mitambo hii hawapendi sana kulitaja hilo.

Kubashiri siku zilizobaki ni kugumu zaidi. Katika rekodi za Cincinnati mtetemo hupanda, kisha hushuka kwa muda kwa sababu kingo za kidonda zimesagika zikalainika, halafu hupanda tena. Mwenye haraka angedhani beringi imepona.

Wanafunzi wanaotaka kujaribu wanaweza kutumia simu. Kifaa chake cha kuhisi mtikisiko katika simu nyingi hupima mara mia moja hadi mia chache kwa sekunde, na ili kunasa mgongo wa mara 236 hutakiwa vipimo zaidi ya 472. Kinasa sauti chake kwa kawaida huchukua 44,100, hicho kinafaa. Rekodini feni au pampu ya nyumbani ikiwa nzima, kwa umbali ule ule kila mwezi, na mkono usikaribie mkanda. Siku mkisikia mdundo mgeni, mpelekeeni fundi rekodi zote mbili, ya uzima na ya siku hiyo.