SHARUBATI YA MATUNDA

Katika pwani ya Tanzania joto huwa kali kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi. Wakati huo mwili hutoa jasho jingi, na maji yanayopotea hayana budi kurudishwa. Kwa hiyo mgeni akifika nyumbani, ni jambo jema kumpa kinywaji baridi. Katika somo hili utajifunza kutengeneza sharubati isiyo na kileo, na utajua sababu ya kila hatua.

Mahitaji (kwa watu 10)
Nanasi 1 lililoiva, machungwa 8, ndimu 3, sukari kikombe 1, maji lita 2, na kitambaa safi cha kuchujia.

Namna ya kutengeneza
1. Chemsha maji. Yakishatokota, yaache yaendelee kutokota kwa dakika 1. Mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, yaache kwa dakika 3, kwa kuwa huko maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100 za Sentigredi.
2. Tia sukari ukoroge. Sukari huyeyuka upesi zaidi katika maji ya moto. Funika, uache yapoe kabisa.
3. Nawa mikono kwa sabuni. Osha matunda kabla ya kuyakata, kwa sababu kisu huweza kupeleka uchafu wa ganda ndani ya tunda.
4. Menya nanasi, uliponde katika kinu safi. Kamua machungwa na ndimu.
5. Changanya vyote na yale maji yaliyopoa, kisha chuja. Usichemshe matunda, maana joto huharibu vitamini C.

Kwa nini tunachemsha maji?
Maji huweza kuonekana maangavu kama kioo, kumbe yana vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo. Magonjwa hayo huua. Ukali wa ndimu na utamu wa sukari havisafishi maji machafu. Hata barafu si salama ikiwa imetengenezwa kwa maji yasiyochemshwa, kwa sababu baridi haiui vijidudu vyote.

Namna ya kuipoza bila barafu
Tia sharubati katika chombo chenye kifuniko. Kizungushie kitambaa kilicholowa maji, ukiweke kivulini penye upepo. Maji ya kitambaa yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto kutoka katika chombo, na sharubati hupoa. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa njia hiyo hiyo.

Kwa nini tuinywe siku ile ile?
Juu ya maganda ya matunda huishi viumbe vidogo sana viitwavyo hamira. Vikiingia katika sharubati hula sukari, na kuigeuza kuwa kileo na hewa ya kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo ndiyo ifanyayo mapovu. Tembo la mnazi nalo huchachuka hivyo hivyo. Basi ukiona sharubati ya jana ina mapovu na harufu ya uchachu, imwage. Usimpe mgeni wala mtoto.

Maswali
1. Kwa nini kuyatazama maji tu hakutoshi kujua kama ni safi?
2. Eleza jinsi kitambaa kilicholowa kinavyopoza chombo.
3. Mapovu katika sharubati iliyolala yametokana na nini?