Dawa Nyekundu ya Saratani: Mambo Ambayo Mgonjwa Anafaa Kujua

Doksorubisini ni dawa ya tibakemikali inayotumika kutibu saratani ya matiti na saratani nyinginezo. Huingizwa kupitia mshipa, mara nyingi kila baada ya siku 21. Rangi yake ni nyekundu, na mkojo wako unaweza kuwa mwekundu kwa siku 1 au 2. Hiyo si damu; usikatize matibabu kwa sababu hiyo.

Dawa hii inaweza kudhoofisha moyo, ndiposa moyo hupimwa kabla ya kuanza. Mweleze daktari ikiwa una ugonjwa wa moyo au uliwahi kupewa dawa hii kwingine, kwani kuna kiwango kisichofaa kupitwa maishani. Tunza rekodi zako za matibabu.

Dawa inapoingia, ukihisi kuchomeka, maumivu au uvimbe palipodungwa sindano, mwite muuguzi papo hapo. Usivumilie. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama.

Nywele hunyonyoka, lakini kwa kawaida huota tena matibabu yakiisha. Hatari kubwa ni homa. Kati ya siku ya 10 na ya 14, chembe nyeupe za damu hupungua sana. Joto la mwili likifika nyuzi 38, usinunue dawa dukani ukalala. Nenda hospitalini hata kama ni usiku, na uwaambie unapokea tibakemikali.

Wanaume na wanawake watumie njia ya kuzuia mimba. Mama asinyonyeshe kipindi hicho.