Muuguzi wetu anataka kurudi shuleni: tutamsaidia ama tutamwacha?

Wamama wenzetu, Jumapili iliyopita mkutano wetu ulikawia mpaka giza likaingia. Hatukubishana juu ya likelemba wala juu ya vitenge vya sikukuu. Mbele yetu kulikuwa ombi moja. Mwenzetu, muuguzi wa A1 aliyefanya kazi miaka 11 katika kituo cha afya cha kartie yetu, anataka kurudi ISTM hapa Lubumbashi kusomea afya ya jamii. Anaomba sanduku letu limkopeshe nusu ya minervali ya mwaka wa kwanza. Wengine walikubali palepale. Wengine wakauliza: "Si tayari ni muuguzi? Anatafuta nini tena?"

Swali hilo ni la haki. Tunataka kulijibu polepole, kwa sababu Jumapili ijayo tunapiga kura.

Tuanze na ngazi, maana wengi wetu tunazichanganya. Muuguzi wa A2 amemaliza ITM, miaka 4 ya sekondari. Wa A1 ameongeza miaka 3 ISTM. Juu yake kuna ile tuliyozoea kuita A0, miaka 2 tena. Mfumo mpya wa LMD umebadilisha majina, lakini mambo ni yaleyale: mtu anayejua kuuguza anarudi kuchagua upande mmoja. Mmoja anachagua kufundisha, mwingine kusimamia hospitali, mwingine afya ya jamii.

Afya ya jamii ni nini? Katika chumba cha wagonjwa, muuguzi anamngoja mgonjwa aje. Katika afya ya jamii, mgonjwa wake ni kartie nzima, hata wale ambao hawajaugua. Anajifunza kuhesabu: watoto wangapi wamezaliwa, wangapi wamemaliza chanjo, wangapi wamekufa na kwa ugonjwa gani. Anasoma chakula cha watoto, uzazi wa mpango, maji na vyoo, na jinsi ya kuongoza kazi pamoja na wale tunaowaita RECO. Zaidi ya yote anajifunza kuingia katika nyumba ya watu, kukaa na kusikiliza kabla ya kushauri.

Tuliona matunda yake kwa macho yetu. Miaka miwili iliyopita, binti mmoja wa masomo hayo alikuja kituoni kwetu kwa staji. Kabla ya jambo lolote aliomba daftari la chanjo. Akakuta kwamba watoto wetu karibu wote wanapata chanjo za kwanza, lakini wanapofika miezi 9, wakati wa chanjo ya surua, wengi hawaonekani tena. Sisi tulizoea kusema: "Wamama wa hapa ni wazembe." Yeye hakusema hivyo. Alichukua majina, akapita nyumba kwa nyumba, akauliza.

Jibu lilikuwa jepesi mpaka tukaona haya. Siku ya chanjo ilikuwa Jumanne asubuhi, na Jumanne ndiyo siku ambayo wengi wetu tunaenda kununua unga na mboga za kuuza. Mtoto wa wiki 6, mama bado yuko nyumbani. Mtoto wa miezi 9, mama amerudi sokoni. Kituo kiliongeza Jumamosi mchana, na watoto wakaanza kurudi. Dawa haikubadilika, sindano haikubadilika. Kilichobadilika ni siku.

Lakini staji iliisha, binti akaenda, na baada ya miezi michache Jumamosi ilikufa. Hakukuwa na mtu wa kufuata daftari. Mwenzetu aliyaona hayo yote, na ndiyo maana anataka kusoma.

Tukumbuke pia jinsi nchi yetu imepangwa. Kongo ina zoni za afya zaidi ya 500, na kila zoni imegawanyika katika maeneo madogo yenye vituo vya afya. Mara nyingi anayeongoza kituo si daktari, ni muuguzi, yule tunayemwita titulaire. Daktari tunamkuta hospitali kuu, tukiwa tumeshachelewa. Mwaka 1978, kule Alma-Ata, nchi za dunia zilikubaliana kwamba afya isogezwe karibu na watu, nao washiriki kuilinda. Hapa kwetu, aliye karibu ni muuguzi.

Sasa, hofu. Ya kwanza: "Akimaliza ataenda kwenye ONG." Inawezekana, tusidanganyane. Wauguzi wengi hawaoni mshahara wa serikali. Wanaishi kwa posho na kwa kile wagonjwa wanacholipa. Kwa hiyo tuandikiane: abaki kituoni miaka 3, na arudishe mkopo kidogo kidogo kila mwezi. Yeye mwenyewe amekubali.

Ya pili: nyumba yake. Ana watoto watatu, na baba yao anaogopa kwamba chakula kitachelewa. Baba huyo si mbaya. Anaogopa kuachwa peke yake na mzigo. Mama wawili wa mtaa wake wameahidi kupokea watoto siku za staji. Tunaomba wa tatu.

Ya tatu: sanduku ni dogo. Kweli. Lakini tulishatoa michango mingi ya matanga ya watoto, wala hatukuuliza itarudi lini.

Sisi tunaoandika ni walimu. Tunajua mwalimu anayefundisha kwa daftari la zamani anachosha watoto, hata akiwa na moyo mwema. Muuguzi pia anahitaji kujifunza tena.

Jumapili, saa nane, baada ya ibada. Kila mama aje na kura yake, na atakayekataa atuambie sababu, tuijadili.